Amesikika

Saa kumi na mbili kasorobo, Buyangu.
Ukungu umelalia majani kama mgonjwa
asiyetaka kuamshwa.
Nina kalamu ya risasi, maana wino hulia mvua ikinyesha,
na jedwali la safu nne:
spishi, idadi, saa,
na ile nyembamba ya mwisho. Ameonekana, weka O.
Amesikika, weka S.
Nafasi ya maelezo haipo.

Lumwachi ananitangulia, buti zake za mpira
amezikata vifundoni kwa panga.
Darubini hashiki. Anasema inambana pua.
Husimama, akainamisha shingo upande,
kisha akataja, kama karani wa korti aitaye mashahidi:
"Hondohondo, wawili. Wa kulia ni jike."
Amejuaje, sijui. Naandika.

Shore ndio walionitoa jasho mwaka wa kwanza.
Shore mdogo, shore wa mlima, shore mwenye masharubu,
ukoo mzima umeshonewa sare kwa jora moja,
kijani kilichochakaa, tumbo la rangi ya chai ya jana.
Kitabu kinasema: tazama jicho, tazama koo.
Jicho gani, na ndege yuko juu ya mutere,
nyuma ya jani la elfu thelathini?
Lumwachi alicheka hadi akashika mti.
"Wewe unawasoma nguo. Wasome ugomvi."
Na kweli. Mmoja hugomba kama mwenye duka,
mmoja hulalamika peke yake akichambua tunda,
wa tatu huanza sentensi
na haimalizi.

Kufikia saa tatu karatasi imejaa:
shorobo wa buluu watano, S, kisha O.
Kigong'ota mmoja, O.
Chozi wanne wakizozania ua moja.
Dudumizi, S, S, S, kule bondeni Isiukhu,
akimimina maji ya chupa isiyokwisha.

Kwenye kisiki cha mvule Lumwachi akaketi.
Yeye huwa haketi.
Akatia vidole viwili kinywani.
Ukatoka mluzi mrefu, ukapanda, ukavunjika katikati,
kisha mkwaruzo, kama msumari juu ya bati.
Shingo yangu iligeuka kabla yangu.
Nikainua darubini, nikatafuta mkia mwekundu
tawi kwa tawi.
Hakuna. Alikuwa yeye.

"Kasuku wa kijivu," akasema.
"Walilala hapa hapa, mti huu, nikiwa darasa la sita.
Nilipanda usiku na gunia.
Kinda mmoja, shilingi mia mbili.
Tajiri wa mjini Kakamega alikuja na vikapu,
hakuuliza jina langu wala lao.
Wakubwa niliwaita kwa mdomo huu.
Walikuja."

Yule ndege aliyezoea kuiga watu
sasa amebaki kuigwa.

Nikashika kalamu. Spishi: kasuku wa kijivu.
Saa: tatu na dakika kumi na moja.
Safu ya nne ikanikodolea macho.
Ofisini Daktari Mideva angeniuliza, na ana haki:
alisikika kutoka wapi? Umbali gani?
Mita moja na nusu, Daktari,
kutoka kinywa cha aliyemuuza.

"Umeandika?"
"Bado."
"Andika sifuri basi. Sifuri nayo si ulihesabu?"

Akapiga mluzi tena, safari hii si kwa ajili yangu.
Akatazama juu, mdomo wazi kidogo,
muda ule mtu anaompa mwenzake ajibu.
Nami bila kuambiwa nikatazama saa,
nikampa dakika tano kamili,
kama kanuni inavyotaka kila kituo.

Kisha mvua.
Nikaingiza jedwali kwenye mfuko wa nailoni,
safu ya nne ikiwa tupu.
Alinitangulia tena, kofia imemshukia masikioni.
"Shore," akasema bila kugeuka.
"Yule asiyemaliza."